Mtoto wa Njano Ndani ya Glasi

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Gulwe wakati Debora alipokwenda nyumba ya pili, kwa bibi Mwamvua, kuazima glasi. Vikombe vya nyumbani kwake vyote vilikuwa vya plastiki. Mchezo aliotaka kuwafundisha watoto wa chekechea kesho yake ulitaka glasi ya kioo, nyeupe, isiyo na maua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Tumsifu. Glasi ya nini saa hizi?"

"Ya kiinimacho. Unachora samaki, unaweka glasi ya maji mbele yake, samaki anageuka."

Mwamvua alicheka kidogo, akaleta glasi, akaifuta kwa upindo wa kanga yake.

Mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kumwita Debora Mama Dorothea, kwa huruma tu, tangu korongo lilipofurika na kumchukua binti yake mkubwa mwaka uliopita. Tumsifu alikuwa na miaka saba. Walimtafuta siku tisa, wasipate hata kiatu. Mwamvua peke yake ndiye ambaye hakubadilisha jina.

Nyumbani, Dorothea wa miaka minne alikuwa anamsubiri mkekani. Baba yao, Eliakimu, alikuwa zamu, kwenye reli. Bomba lilikuwa kavu siku ya tatu, na asubuhi Eliakimu alileta ndoo mbili kutoka kisima kipya kilichochimbwa mchangani, ndani ya korongo lile lile. Debora alikuwa hanywi maji ya korongo. Lakini haya hayakuwa ya kunywa. Akachota, akajaza glasi.

Alichora samaki kwenye kipande cha boksi la sabuni, kichwa kikielekea mlangoni. Akakiweka nyuma ya glasi, akakirudisha nyuma polepole. Samaki akavutika, akawa mstari, akapotea... kisha akatokea akiwa ametazama upande wa pili.

Dorothea alipiga makofi. Akataka tena, na tena. Halafu akasema, "Sasa mchore dada."

 Debora akageuza lile boksi, akachukua penseli ya njano, maana gauni la siku ile lilikuwa la njano. Akamchora kama alivyomwona mara ya mwisho, kutoka jikoni: ameelekea mlangoni, anatembea, mkono mmoja nyuma, anakwenda zake. Machozi yakamdondokea kwenye mchoro. Akayafuta kwa kidole.

Akausogeza nyuma ya glasi. Mtoto akavutika, akawa uzi wa njano, akapotea.

Akatokea anarudi.

"Dada anakuja," Dorothea alisema.

Debora hakuweza kuendelea kutazama. Akalilaza boksi kifudifudi sakafuni.

Ndani ya glasi, mtoto wa njano alikuwa bado yupo.

Harufu ikaingia kwanza. Tope bichi, majani yaliyooza, harufu ya asubuhi ile ya mafuriko. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili, na sasa ilikuwa Septemba. Kisha zikaja hatua, uani, kwenye vumbi kavu.

Chap... chap... chap...

Zikakoma mlangoni.

"Mama."

Ilikuwa ile sauti ya mafua yasiyoisha. Debora angeitambua katikati ya watoto elfu.

"Mama, nifungulie. Nimechoka."

Hakukumbuka kuinuka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo, na moyo ukimwenda mbio kwa furaha iliyokuwa inauma. Akageuka kumwambia Dorothea, njoo, dada yako amerudi.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Na ndani ya glasi sasa walikuwa wawili. Wa njano anakuja, amekaribia mpaka uso wake unaonekana. Mwingine, mdogo, mwenye sweta jekundu, amegeuza mgongo, anakwenda. Sweta lile Debora alikuwa amemvalisha Dorothea kwa mikono yake, nusu saa tu iliyopita.

Akaishika glasi.

"Mama," sauti ilinong'ona nyuma ya ubao wa mlango. "Usimwage."

Debora alilia kwa sauti. Akamwaga.

Alimkuta Dorothea nyuma ya choo, kwenye kinjia cha kwenda korongoni, amesimama, mkono mmoja ameunyoosha juu kama anayeongozwa na mtu mrefu kumzidi. Miguu yake ilikuwa imelowa hadi vifundoni.

"Dada alinishika," alisema. "Halafu ameniachia."

Kwenye kizingiti cha mbele palikuwa na nyayo ndogo za maji. Eliakimu aliporudi alisema ni za Dorothea. Huenda. Lakini Dorothea hakupita mlango wa mbele.

Siku ya tano baada ya usiku ule, watu waliokuwa wanaongeza kina cha kile kisima walikuta gauni la njano, na kilichobaki ndani yake. Palikuwa kama urefu wa mkono chini ya pale Eliakimu alipochovya ndoo zake. Walimzika Jumamosi.

Waombolezaji walipotawanyika, Mwamvua alibaki chumbani na Debora. Dorothea alikuwa amelala kati yao.

"Hakuja kumchukua mdogo wake, Mama Tumsifu," Mwamvua alisema taratibu. "Alikuwa anataka kumwonyesha mahali alipo, ili mumlete nyumbani. Alikuwa amechoka kulala kule."

"Aliniomba nisimwage, bibi. Mtoto wangu aliniomba."

"Ulinieleza, mwanangu."

Debora alishika kisigino cha Dorothea, akakibana mkononi kama anayehakikisha kipo.

"Na huyu? Kama ningemfungulia dada yake, huyu angerudi?"

Mwamvua alimtazama mtoto aliyelala. Alimtazama sana. Kisha akainuka, akaenda kukaza komeo la mlango wa nyuma, ingawa nje jua lilikuwa bado linawaka.