Kipalizi na Fiwi za Mama Sechelela

Kipalizi, roboti ya kupalilia, kilitembea kwa miguu minane ya chuma katikati ya mtama wa Mama Sechelela huko Kongwa bila kuvunja hata bua moja. Kichwani kilibeba jicho-jani, kifaa kinachosoma mwanga unaorudishwa na kila jani. Kila kisichokuwa mtama kiling'olewa na mizizi yake.

"Baba, naomba fiwi zangu ziachwe," Mama Sechelela Mnyukwa alimsihi mbunifu wa kipalizi hicho, Mhandisi Ndalu Chiwanga. "Hizo si magugu, ni jamii ya maharage; punje tunakula sisi, majani wanakula ng'ombe. Ng'ombe wangu watakula nini kiangazi?"

Chiwanga hakuinua hata macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta yake. "Bibi, tunapeleka watu sayari nyingine, wewe bado unachanganya mazao kama mtu anayepika makande! Shamba ni mtama. Basi."

Kufikia saa nne asubuhi fiwi zote zilikuwa zimelala juani, hata zile ambazo mama huyo angeziacha zikomae kwa mbegu.

Mvua zilikatika mapema. Udongo uliokuwa ukifunikwa na fiwi ukakauka na kupasuka, mtama ukasinyaa kabla ya kutoa masuke. Malisho hayakuwapo. Ng'ombe sita wa Mama Sechelela walikufa mmoja baada ya mwingine, na yule wa mwisho mama huyo alikaa naye usiku na mchana akimnywesha maji kwa kibuyu.

Ndipo Chiwanga akapima upya kwenye shamba la majaribio, safari hii akihesabu nafaka na malisho pamoja. Akagundua kilichojulikana Kongwa tangu zamani: fiwi hurutubisha udongo na kuutunzia unyevu, na ekari moja ya mseto huzaa sawa na ekari moja na nusu ya mazao yaliyotengwa. Akakifundisha kipalizi kuziacha fiwi. Ugunduzi huo akauita Mseto wa Chiwanga.

Alipewa nishani Dodoma. Mama Sechelela aliitwa jukwaani kutoa shukrani, na mtu akamshikisha kipaza sauti.

"Nilikuomba kwa mikono miwili," alimwambia Chiwanga. "Uliniambia napika makande."

Ukumbi ulicheka kidogo. Chiwanga alitabasamu, macho kwenye kamera. "Mama, sayansi hujirekebisha."

"Ng'ombe wangu hawakujirekebisha. Walikufa."

Kicheko kilikatika. Kwa haraka Chiwanga akamkabidhi pakiti inayong'aa, yenye picha yake mwenyewe. Mama Sechelela aliifungua, akamimina mbegu kiganjani. Zilikuwa fiwi, zile nyeusi zenye mstari mweupe ubavuni, walizopanda mama yake na bibi yake.

Alitaka kumrushia usoni. Lakini kwake haikuwa imebaki hata mbegu moja, na mvua zilikuwa karibu. Akazifunga kwenye pindo la khanga, punje kwa punje, akaiangusha ile pakiti miguuni pa mhandisi na kushuka jukwaani bila kuugusa mkono alionyooshewa.