Niliingia kwa Mamasela, Nikamwachia Ngoie Dhambi Yangu

Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa na mtu wa reli hapa Kamina, na mtoto wangu ni mmoja tu, Malta. Jina langu sitalitaja. Mkinijua kwa dhambi yangu, inatosha.

Nilikuwa mlevi. Si mwanamke wa kunywa kidogo harusini, hapana! Mlevi wa lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo tunayoipika kwa siri kwa sababu serikali inaikataza. Mama ndiye aliyenifundisha kuipika, kule kijijini kwetu karibu na Bukama. Mpishi lazima aonje matone ya kwanza yanapotoka kwenye mrija, ajue kama pombe imefika au bado. Wenzangu walionja wakatema. Mimi nilimeza...

Siku Malta alipopokea komunyo ya kwanza, nilifika kanisani misa iko katikati, kitambaa nimekivaa ndani nje, nikaanza kuimba wimbo wa Noeli peke yangu. Na ilikuwa mwezi wa sita! Watu walicheka. Malta hakucheka. Alihama benchi, akaenda kukaa na mama mmoja jirani yetu, akamshika mkono kana kwamba yule ndiye aliyemzaa.

Mume wangu, Selestini, hakunipiga. Kazi yake ni kutia mafuta mashini za treni, na maneno yake ni machache. Alingoja pombe initoke, akasema: "Kuko nyumba ya mamasela kwa bantu ba pombe. Utaenda kule. Ukikatala, rudia kwa mama yako. Malta anabakia."

Mamasela ndio masista wa misioni. Walikuwa na nyumba shambani, mbali na mji, ambako wanawake walevi walikaa miezi sita. Wanalima, wanasali, hawatoki. Lakini hawakumpokea kila mtu. Kwanza ukae Jumapili sita bila tone mdomoni, na kila Jumapili padri anamuuliza mumeo. Ukianguka mara moja tu, nafasi yako anapewa mwingine.

Basi nikaanza kujitayarisha. Nilinunua sabuni na sahani ya bati, nikashona jina langu kwenye blanketi. Mikono ilitetemeka mpaka sindano ikanichoma kila kidole! Wanawake wa kambi ya reli tunapokaa walinitania: "Ee, mama Malta, unaenda kuwa masela? Bwana atapikiwa na nani?" Nilicheka nao. Jasho lilinitoka, tumbo lilinikata, usiku niliona wadudu ukutani ambao hawakuwapo. Lakini Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu... Malta akaanza tena kuniletea kichwa chake nimsuke. Mnaelewa maana yake? Mtoto aliyenikimbia mbele ya kanisa zima!

Jumapili ya tano ilipopita, mdogo wangu Ngoie akafika kwa treni kutoka nyumbani. Alikuja kumlea Malta nitakapokuwa kule. Ngoie alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kanisa, mpole. Katika maisha yake yote hakuwahi kutia lutuku mdomoni. Shikeni neno hilo.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kwetu, mtu anayekwenda kukaa mbali haachwi aondoke hivihivi. Ndugu wanakuja, wanakunywa, mzee anamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, anampaka msafiri mpemba, ule udongo mweupe, njia yake iwe njema. Mama alikuwa ametuma neno kwamba munkoyo inatosha, kile kinywaji cha mahindi ambacho hata watoto wanakunywa. Mimi nikakataa! Nilisema ndugu watarudi kijijini wakisema mke wa mtu wa reli aliwapa uji. Kiburi... Niliona haya kuwapa wageni munkoyo, sikuona haya kupika lutuku ili niagwe kwenda kuacha lutuku!

Nikajidanganya kwamba mkono wangu hautagusa kitu. Ngoie ndiye atakayewasha moto, mimi nitakaa pembeni nimwelekeze. Selestini alikuwa kazini, Malta shuleni. Tukafunga mlango na dirisha la jiko ili polisi wa kambi wasisikie harufu. Ngoie aliogopa. Akaniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, tutafanya munkoyo tu, haiwezekane?" Nilimkaripia. Nilimwambia asiniharibie heshima.

Matone yakaanza kutoka. Ngoie akayatazama tu. "Yaya, minyi sijue kuonja."

Nani angeonja basi?

Nikaonja. Nikasema mara moja tu, Mungu anajua ni kazi. Nikaonja tena. Wapenzi wasomaji, wiki tano zile ziliyeyuka kwenye ulimi wangu kama chumvi! Nikachukua kikombe, nikaingia nacho chumbani, nikalala. Sikumwambia Ngoie kwamba maji ya kupozea mrija yanabadilishwa kila wakati. Sikumwambia kwamba moto ukizidi, mvuke unapasua udongo uliozibia mfuniko, unatoka na kuwaka. Niliamshwa na yowe la Ngoie.

Nilipofungua mlango wa jiko, Ngoie alikuwa moto mtupu.

Majirani ndio waliomfunika kwa blanketi langu, lile nililoshona jina, wakampeleka hospitali. Na mimi nilifanya nini kwanza? Nisikilizeni vizuri. Nilitafuna majani ya mpera, nikasukutua mdomo, ndipo nikawafuata.

Selestini alikuja mbio na nguo zake za mafuta. Akauliza nani alipika. Ngoie alikuwa amelala pale, macho yako wazi, anatusikia. Nikasema... nikasema nilikuwa nimelala na maumivu ya kichwa, sikujua lolote, Ngoie alipika kwa siri yake.

Selestini akamgeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua neno moja tu la Ngoie lingenipokonya nyumba ya mamasela, mume na mtoto.

Ngoie akasema polepole, "Ni minyi nilipika, shemeji. Yaya hakujua kitu."

Selestini alipotoka, niliinama kwake nikilia. Akaninong'oneza: "Enda kwa mamasela, yaya. Malta asibakie na mama mwingine." Alikufa siku ya pili yake, asubuhi, Mama akiwa bado kwenye treni.

Alizikwa kwa aibu. Katekista alisema juu ya kaburi kwamba kuna watu wanaimba kanisani na kupika shetani nyumbani. Ndugu waliokuja kuniaga mimi walimzika yeye, kisha kesho yake wakaondoka, kwa maana nani anakaa matanga ya msichana wa lutuku? Mama hakulia kwa sauti. Aliona haya. Na mimi nilisimama pale nimepakwa mpemba wa safari yangu, kimya!

Jumapili ya sita, padri alimuuliza Selestini, Selestini akasema hajaniona nikinywa. Mama mwenyewe alinisindikiza mpaka mlango wa mamasela, ameubeba mzigo wangu kichwani. Pale mlangoni akaniambia, "Mungu alinikamatia mulevi moja, atanirudishia mwingine." Nilimsikia, nikamjibu ndiyo, Mama.

Masela akaniuliza ni Jumapili ngapi. Nikasema sita.

Niliugua vibaya mle ndani, nikapona. Miezi sita, na tangu hapo sijagusa tone. Masista walinitoa kuwa mfano kwa wengine. Kila waliponisifu, nilichukua jembe nikaenda shambani.

Mama ndiye aliyekuja kunichukua. Tulikuwa bado uani kwa mamasela, anafurahia mashavu yangu yalivyojaa, nikashindwa. Nikamwambia yote: kuonja, kikombe, majani ya mpera, maneno ya Ngoie.

Hakunipiga, hakunilaani. Alivua kilemba chake, akaketi chini kwenye vumbi, akaanza kumlilia Ngoie. Alilia kwa sauti, akimwita kwa majina yote ya ukoo, vile tunavyomlilia mtu aliyekata roho saa hiyohiyo. Masista walikuja mbio wakidhani amekufa mtu.

Alipomaliza alijipangusa, akaenda stesheni peke yake. Alikwenda kumwambia katekista, alikwenda kuwaambia ndugu, akaita matanga upya kijijini. Mimi sikuitwa. Selestini naye alipoyasikia alinibakiza kwa ajili ya Malta, lakini hanisemeshi ila mambo ya nyumba. Nikimtumia Mama chakula, sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Ndugu zangu, dada zangu, mnaojitayarisha kwenda mahali pa kutibiwa pombe, nawasihi. Msijisafishe kwanza kwa uongo! Mkianguka siku ya mwisho, semeni tumeanguka. Padri atafuta jina lako, mume atakasirika, utaanza tena Jumapili ya kwanza... si Jumapili tu? Mimi sikutaka kurudia Jumapili sita. Mama yangu alirudia kumzika mtoto wake.