Ziwa Lisilokuwepo

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kamusi alipita akichungulia madaftari ya wenzake bila kuombwa. "Hili nalo ni jibu?" angeuliza, midomo ameibenua. Wanafunzi wa darasa la sita walimpa jina hilo kwa sababu hakuna swali lililomshinda, na kwa sababu aliwachosha.

Siku mwalimu wa jiografia alipowapeleka kwenye hifadhi ya mlima, Kamusi alienda shingo upande. Mlima gani huo, kichuguu kilichonenepa! Langoni walipokewa na mwongozaji, mama mfupi mwenye buti zenye viraka. Kamusi alimpima kwa macho, akamnong'oneza jirani yake, "Huyu ndiye wa kutufundisha sisi?"

"Tunapanda hadi ukingo wa kreta, lile shimo la kileleni," mwongozaji alisema. "Kila mtu aandike alichokiona kwa macho yake."

Kwenye kona ya kwanza Kamusi alichelewesha hatua. Waliotangulia walidhani yuko nyuma, na wa nyuma walidhani katangulia. Akarudi zake langoni, kwenye chumba cha kupokelea wageni. Ukutani palikuwa na bango lililopauka, limeeleza mlima mzima: volkano iliyozimika, msitu, mianzi, na ziwa kileleni. Alinakili neno kwa neno. "Waache watoke jasho," alicheka. "Mimi nitatoka na alama." Wenzake waliposhuka, alijichanganya nao.

Kesho yake mwongozaji alialikwa darasani kusikiliza. Kamusi alisimama wa kwanza, kifua mbele.

"Nilipofika kileleni, niliona ziwa la buluu. Bata walikuwa wakiogelea."

Darasa likaangua kicheko.

"Ziwa hilo uliliona jana?" mwongozaji aliuliza.

"Kwa macho yangu mawili!"

"Basi umeazima macho ya marehemu bibi yangu. Yeye ndiye aliyechota maji pale. Ziwa lilikauka kabla hujazaliwa, mwanangu. Siku hizi ni nyasi, nyati wanalala humo. Bango letu ni la zamani."

Kamusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwatazama wenzake, wale wale aliowaona mbumbumbu. Kila mmoja alijua asichokijua yeye.

"Sikupanda," alisema hatimaye. "Nilinakili."

Mwalimu alimpa sifuri. Jumamosi akamrudisha mlimani, apande na mwongozaji peke yao.

Msituni ukungu ulining'inia kwenye ndevu za miti. Juu zaidi mianzi ililia kama milango mibovu. Kamusi alihema kama mbwa, na mama yule alipanda huku akipiga mluzi. Mianzi ilipoisha, mwongozaji alionyesha mawe matatu meusi.

"Haya ni mafiga ya bibi yangu. Kijiji chetu kilikuwa hapa. Hifadhi ilipoanzishwa tulihamishwa. Nilikuwa mdogo, nililia njia nzima. Bango halikuandika hilo."

Kamusi alipiga magoti, akayagusa. Yalikuwa baridi, na upande wa ndani bado yalikuwa na masizi.

"Mama, nisamehe. Nilikudharau."

"Nilijua. Uliponitazama pale langoni nilijua." Mwongozaji aliketi kando yake. "Kutojua si aibu. Aibu ni kusema umeona usichokiona, maana mwenye dharau haulizi, na asiyeuliza hana budi kutunga. Toa daftari."

Kamusi alilitoa. Kalamu ikasita juu ya karatasi tupu.

"Mama," aliuliza, "bibi yako alipita njia gani kwenda kuchota maji?"

"Simama nikuonyeshe," mwongozaji alisema. "Mlima huu unamfundisha anayeuliza tu."