Sampuli ya Mapalo Juu ya Mbabula

Chupa moja ya sampuli ilikuwa imeibwa katika maabara ya njia ya Luano, na Daktari Annie alikuwa hatulii. Ilikuwa ya Mapalo, mtoto aliyeshukiwa kuwa na mpox. Mama mdogo aliyemleta alikuwa ametoa anwani ya uongo. Bila jibu wala anwani, mtoto angekosa matibabu na wa nyumbani kwake wangeambukizwa.

Inspekta Chisanga alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Basi mwizi ni wa humu humu. Akatoka uani, akasimama mbele ya mbabula ya mlinzi. Makaa yalikuwa mekundu, sufuria ikitokota.

"Papa Liévin, hii maji ni ya nani?"

"Ya Mama Cathy, chef, ule anafagiaka labo. Ni ya chai."

Chisanga akafunua. "Chai gani? Majani iko wapi?"

Ndani ya maji ilikuwamo chupa, kifuniko chake kikiwa bado kimekazwa.

Cathy akaitwa.

"Weye njo uliibeba?"

"Hapana, chef."

"Mapalo ni mutoto wa nani?"

"Ni wangu."

"Juu ya nini uliichemusha?"

"Virus ikufe. Maji ya kunywa tunachemushaka, microbe inakufa. Nilisema docteur hataona kitu."

Daktari Annie aliishika chupa kwa glavu. Hasira zilikuwa zimemwisha.

"Imekufa, mama, ni kweli. Protéine zake ziliharibika sawa yai pa moto. Lakini ADN yake, ile inabebaka maagizo yote ya virus, ingali mule. Ata mashini yangu inaichemushaka mbele ya kuisoma."

Alasiri mashine ikajibu: mpox.

Cathy akaketi sakafuni, akasema yote. "Guelor, wa kwanza wangu, balimuingiza mu isolement, chumba cha kutenga bagonjwa, juu ya choléra. Balifunga mulango. Sikumuonaka tena. Mapalo, mudogo wangu alimuleta hapa; kisha nilimuficha kwa mama yangu, nkambo yake, kule Kinsevere."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Chisanga aliijua methali hiyo, lakini angemwambiaje mama aliyekwisha kulia?

"Docteur, mama anaweza kuingia naye?"

"Siku hizi mama analala na mutoto wake. Tukimupata leo, nina tumaini atapona."

"Mambo ya wizi itangoja," alisema Chisanga. "Mama Cathy, panda mu motokari. Utatuonyesha njia."

Cathy akainuka, akijifuta macho. "Chef, nibebe bulangeti yake?"

"Beba mbili."