Maneno Yenye A, R na M

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijatia kitu mdomoni, napitia karakana ya baba. Baba ni fundi wa mabango. Ana vibati vilivyotobolewa herufi, kimoja kwa kila herufi. Anakiweka kibati juu ya ubao, anapaka rangi, anakiondoa, na herufi inabaki imenyooka. Kazi yangu ni kuvifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa. Ndiyo maana vidole vyangu havikosi madoa, na ndiyo maana shuleni wananiita Rangi.

Nikishavifuta, navichezea. Nachagua vitatu, navizungusha mezani, kisha natafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi zote tatu, popote zilipo ndani ya neno. Kuzungusha ndiyo siri yenyewe, maana herufi zikikaa mstari mmoja macho yanalala. Kibati cha W hatuna, kililiwa na kutu zamani. Baba akitaka W anageuza M chini juu, basi. Hata mimi katika mchezo wangu nilishazoea kuzihesabu M na W kuwa kitu kimoja.

Muhula ule mwalimu wa Kiingereza akatangaza shindano la mchezo huohuo. Tungeshindana wawili wawili, raundi mbili za dakika kumi kumi, na washindi wangeiwakilisha shule kwenye mashindano ya shule zote za mji. Mimi nilikuwa sijawahi kuchaguliwa kwa chochote, si kwaya, si mbio, hata kufuta ubao. Nililitaka shindano lile mpaka hamu ya chakula ikaniisha.

Mwenzangu alikuwa Redio, rafiki yangu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kuzimika. Lakini mwandiko wake, jamani, unasomeka hata ukiwa umesinzia. Mpinzani wetu mkubwa alikuwa kijana wa miwani aliyeitwa Profesa. Huyo alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto wa fundi rangi anajua Kiingereza cha mabango tu. Nilikasirika, sifichi.

Siku ilipofika, mwalimu aliandika ubaoni A, R na M. Nilichana karatasi vipande vitatu, nikaandika herufi moja kwenye kila kipande, nikaanza kuvizungusha. Nikawa namnong'oneza Redio, naye anaandika: "farm", "market", "camera", "smart", "alarm". Yakaja mengine mbiombio: "water", "draw", "straw", "wear". Muda ulipokwisha, mkutubi wa shule aliyatafuta maneno yetu yote kwenye kamusi, akayakuta. Tukapewa kumi na tisa. Profesa na mwenzake walipata kumi na sita, na Redio akaanza kucheza huku amekaa.

Nilikuwa nakusanya vile vipande ili nivitupe nilipoona kimoja kimelala chini juu. Kilikuwa kile cha M, nacho kilisomeka W. Neno "water" halina M hata ya dawa! Nikamwonyesha Redio yale maneno manne. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza. Kisha akaniambia polepole, "Hakuna aliyeona, Rangi. Funga mdomo."

Nikaufunga kweli, kwa muda. Hakuna ambaye angejua. Lakini kila nilipoitazama ile kumi na tisa ubaoni, moyo ulinisuta. Ningechaguliwa kwa mara ya kwanza maishani, tena kwa kitu ambacho sikukifanya. Nikainua mkono.

"Mwalimu, samahani," nikasema. "Maneno yetu manne hayana M."

Mwalimu aliipitia karatasi upya, akafuta kumi na tisa, akaandika kumi na tano. Darasa likaangua kicheko. Profesa alisema kwa sauti kwamba hayo ndiyo mambo ya mabango. Redio alinigeuzia mgongo, na wala sikumlaumu.

Raundi ya pili ilikuwa T, E na N. Nikapata "ten", "net" na "tent", halafu kichwa kikawa kitupu. Kalamu ya Profesa ilikuwa inakimbia tu. Nikajiambia, kama ni mabango, basi na yawe mabango. Nikafumba macho, nikaanza kutembea kimawazo kutoka karakana ya baba hadi shuleni, nikisoma kila bango alilolipaka. Kwa daktari wa meno, "dentist". Duka la simiti, "cement". Mlango wa hospitali, "entrance" na "patients". Hoteli ya kona, "restaurant". Redio akageuka, macho yamemtoka, akaandika bila kupumua. Alipoushika mchezo akaanza kuchangia yake, "kitchen", "parent", "twenty", mpaka mwalimu akagonga meza.

Safari hii walikagua kila neno herufi kwa herufi. Ukijumlisha raundi zote mbili, Profesa na mwenzake walipata thelathini na tatu. Sisi tulipata thelathini na saba! Redio alipiga kelele zikafika hadi kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, nami nililia mbele za watu bila aibu. Profesa alikuja kunipa mkono, akaniomba siku moja nimpeleke kuona vile vibati.

Nilikimbia moja kwa moja hadi karakana, nikamsimulia baba yote, pamoja na yale maneno manne. Aliweka brashi chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nakosea herufi kila wiki. Nikikosea, nafuta mbele ya mteja, hata kama hakuona. Wateja wangu wananiamini kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wa rangi. Ungenyamaza leo, pengine mngeshinda vilevile, lakini ungekuja hapa ukijivuta, unatafuta cha kuniambia. Umekuja unakimbia. Ukweli ndio unaompa mtu miguu hiyo."

Kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza begi langu la shule liko wapi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimeliacha darasani. Tulicheka sana, halafu tukatoka pamoja kwenda kulichukua, na njia nzima baba alimsimamisha kila mtu tuliyekutana naye kumwambia nimechaguliwa.