Mtoto Aliyetumwa Kutazama Ziwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mukandori alikuwa na kazi moja: kupanda juu ya rasi na kutazama ziwa. Aliishi Kirotshe kwa mama yake mkubwa, Libérata, na mumewe Munyakazi, mpiga kafi anayejulikana. Nyumba yao ilikuwa ndani ya ghuba ndogo ya Ziwa Kivu, na maji ya ghuba ile yalidanganya watu. Yalitulia kama uji uliopoa hata siku ambayo nje, nyuma ya rasi, mawimbi yalikuwa yakipigana.

Ndiyo maana mtumbwi haukutoka mpaka mtu wa nyumbani apande rasi, ayaone maji makubwa kwa macho yake, kisha ashuke aseme. Akisema ziwa limelala, Munyakazi alikata katikati moja kwa moja hadi kisiwa cha Idjwi. Akisema kuna upepo, alifuata ukingo wa magharibi, njia ndefu yenye kuchosha mabega, lakini yenye mahali pa kukimbilia. Akisema mawimbi ni makubwa, mtumbwi ulibaki ufukweni. Neno la mtazamaji halikubishwa na mtu.

Mukandori alikuwa na miaka kumi na miwili, mzaliwa wa milima ya Masisi, aliyeletwa Kirotshe kusoma. Alikuwa msichana hodari, ila alijisifu kupita kiasi. "Kwetu Masisi tunajua mvua tangu tumboni," aliwaambia wenzake shuleni, nao walimcheka na kumwita Mama Mawingu. Yeye hakuona kicheko, aliona sifa.

Mwaka ule wa 1953, katikati ya kiangazi, baba yake Viateur alishuka kutoka mlimani na vikapu vya maharage, mavuno yote ya shamba la juu. Alitaka kuyapeleka Idjwi akabadilishe na chumvi na majembe mapya. Hakuwahi kupanda mtumbwi maishani mwake, na kuogelea hakujua. Huko mlimani angeogelea wapi?

Asubuhi ya safari kulikuwa na baridi, na majani ya njia ya rasi yalilowa umande. Ndani, viazi vilikuwa vikitokota, na baba alikuwa akisimulia habari za nyumbani. Mukandori alitembea mpaka kwenye migomba iliyo chini ya rasi, akasimama. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ghuba, hautikisiki. Kwao Masisi, ukungu ukilala hivyo bondeni, siku hiyo hakuna upepo. Kila mtoto wa kule anajua. Basi ya nini kujilowesha miguu? Akageuka.

"Mutoto, ziwa iko namna gani?" Munyakazi alimwuliza.

"Iko imelala, Papa."

"Ulifika kule juu?"

"Nilifika."

Munyakazi alichukua kafi lake. Walipakia vikapu, Viateur akaketi katikati, ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili, na Libérata akamtania: "Shemeji, achilia kidogo, mutumbwi haikimbie!" Walicheka wote. Kisha mtumbwi ukaingia ndani ya ukungu.

Njia ya kwenda shule ilipita mgongoni mwa kilima. Mukandori alipofika juu, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, naye akaona maji ya nje ya rasi. Yalikuwa meupe kwa povu. Upepo wa kusini ulikuwa ukiyasukuma, wimbi juu ya wimbi, na katikati ya yote hayo hakuona mtumbwi wowote. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Alikimbia kushuka ufukweni. Mzee Kanyamibwa, mkubwa wa wapiga kafi, alikuwa ameshaona jinsi upepo unavyotikisa miti ya kilimani, na alikuwa akiwazuia vijana wasitoke.

"Na Papa Munyakazi?" kijana mmoja aliuliza. "Yeye alitoka mapema."

"Munyakazi hana shida," Kanyamibwa alijibu. "Ule mutoto wa Masisi aliangalia. Alimwambia upepo iko, na Munyakazi anafuata ukingo. Upepo ikizidi, ataingia mu ghuba ingine, atangoja."

Mukandori alisikia kila neno. Alielewa kwamba akinyamaza, hakuna atakayemshuku. Wangesema ni upepo tu. Alielewa pia kwamba hakuna atakayekwenda kumtafuta baba yake katikati ya ziwa.

"Papa Kanyamibwa," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto mdogo, "hawakufuata ukingo. Bako katikati."

"Unajua namna gani?"

"Niliambia Papa Munyakazi ziwa imelala. Miye sikufika kule juu. Niliona ukungu tu, nikarudi. Nilisema bongo, nilidanganya."

Libérata, aliyekuwa akifua hapo karibu, aliangusha nguo majini. Kanyamibwa hakumgombeza, maana hakuwa na nafasi ya kugombeza. "Sukumeni mutumbwi mukubwa!" aliita. "Bote benye nguvu, kuyeni hapa!"

Vijana waliuendesha ule mtumbwi mkubwa kwa kafi mpaka ukapotea nyuma ya rasi. Mukandori na mama yake mkubwa walipanda kule juu ambako asubuhi hakufika. Libérata hakumsemesha hata neno. Alisali rozari, na kila upepo ulipovuma kwa nguvu alisimama kidogo, kisha akaendelea. Mukandori alitamani apigwe. Kipigo kingekuwa rahisi kuliko kimya kile.

Jua lilipokuwa limepanda juu ya vichwa vyao, waliona mtumbwi mkubwa unarudi ukivuta mdogo. Ndani yake kulikuwa na watu wawili, wamelowa, lakini wazima. Vikapu havikuwepo.

Viateur alishuka akitetemeka, akaketi kwenye mchanga. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuchota maji na kibuyu. "Maharage yote tulitupa," alimwambia Libérata polepole. "Mutumbwi ilikuwa inazama. Nilitupa kwa mikono yangu." Kisha alimtazama binti yake, akaona machozi yake, akaelewa kabla hajaambiwa. Macho yale yalimwuma Mukandori kuliko fimbo.

Jioni, nguo zilipokauka, Munyakazi alimwita karibu na moto.

"Ukungu ya Masisi inasema habari ya Masisi," alisema. "Hapa inalala mu ghuba, na inje upepo inafanya kazi yake. Kutojua si zambi. Lakini nilikuuliza kama ulifika, wewe ukasema ulifika. Ungesema 'sikufika', ningekukasirikia kidogo, ningekutuma tena, na baba yako angekula viazi yake akingoja. 'Sikufika' ni neno dogo, mwanangu. Haijazamisha mutu."

"Nisamehe, Papa."

"Nimekusamehe. Na asubuhi ulisema kweli mbele ya bantu bote, hata haya ilikukamata. Ile kweli ndiyo ilituleta hapa. Usingesema, Kanyamibwa angetungoja ku ukingo mpaka sasa." Alisogeza ukuni motoni. "Kesho utapanda tena."

Mukandori alishtuka. "Miye? Tena?"

"Ni nani mwingine? Mutu mwenye kuona matunda ya bongo kwa macho yake, huyo nitamwamini. Shika hii: anayetumwa kuwa macho ya wengine, aseme alichokiona tu. Asichokiona, aseme hakukiona."

Kesho yake Mukandori alipanda mpaka juu kabisa, umande ukimfika magotini. Alitazama kusini, akatazama tena, akangoja ukungu upasuke. Aliposhuka, Munyakazi na baba yake walikuwa wamesimama kando ya mtumbwi, tayari kwenda Idjwi kutafuta chumvi ya mkopo.

"Ziwa iko na mawimbi kubwa, Papa."

Munyakazi hakumwuliza mara ya pili. Alirudi nyumbani, akaegemeza kafi ukutani, akaketi kula viazi.