Majani ya Karoti Bwawani

Castory na mkewe Eufrazia walikuwa wakiosha karoti kwenye bwawa la umwagiliaji. Akatokea mwanamke wasiyemjua, amebeba begi la spana.

"Habari za kazi? Naitwa Yasmin, fundi wa mitambo ya umeme. Nimeitwa, umeme wenu umepungua."

"Karibu. Mtambo ni mzima," alisema Castory. "Mlinzi wa mtambo, Mzee Laurenti, alikuwa anatuibia umeme. Nilisimama kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wakulima, nikamtaja. Ameshaondolewa kazini."

"Ulimwona?"

Castory aliokota karoti nyingine, akaisugua.

Yasmin alikwenda kwenye mdomo wa bomba linalotoa maji bwawani, akavuta chujio. Lilikuwa limezibwa na tope na majani ya karoti.

"Maji yakishuka kwa nguvu kwenye bomba hili, yanazungusha gurudumu kule chini," alisema. "Gurudumu ndilo linaloleta umeme wa pampu na mashine ya kusaga. Maji hayapotei, yanaendelea mashambani. Lakini chujio likiziba, gurudumu linakosa nguvu. Karoti ni za nani?"

"Huku juu tunalima sisi tu," alijibu Eufrazia. Akamgeukia mumewe. "Baba Glory, mwizi wako ana majani."

Castory aliinama. Mzee Laurenti alikuwa msimamizi wake wa kipaimara. Tena mzee alikuwa amemkataza kuosha karoti hapo, naye Castory akakasirika. Hasira ile ndiyo iliyomtaja mzee, si macho yake.

"Tuoshee wapi?" aliuliza, bado ameinama.

"Chini ya mtambo, maji yanakotokea. Na chujio lisafishwe kila asubuhi."

Jioni Castory alikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee hakumpa kigoda.

"Nimekukosea. Nisamehe."

"Ulinichafua mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

"Ijumaa, kikundini. Naahidi."

Ijumaa pampu ilikuwa ikipandisha maji hadi matuta ya juu. Magunia ya karoti za Castory yalisubiri lori barabarani. Castory aliposimama tu kikundini kusema, lori la mjini likapiga honi. Lilikuwa limewahi.

"Castory, karoti zako!" mtu aliita. "Leo hakuna lori jingine!"

Honi ikalia tena. Castory alimtazama Mzee Laurenti, aliyeketi nyuma kabisa.

"Liende," alisema. "Jamani, mzee huyu hakuiba kitu. Nilisema uongo. Majani yaliyoziba mtambo ni yangu."

Lori liliondoka. Castory aliendelea kusema mpaka akamaliza yote.